Bi Mkate, Bi Gari na Boksi la Sahani

Wewe uliyekulia Deira, Dubai, kabla treni ya metro haijaanza kupita, njoo tukumbushane. Enzi zetu likizo ya kiangazi ilikuwa miezi miwili ya kufungiwa ndani kama kuku wa mayai. Nje jua lilikuwa linaweza kukaanga yai juu ya boneti ya gari, na hili si neno la kusema tu, sisi tulijaribu. Yai liliiva nusu, mwenye gari akaja kugonga mlango, na mimi nikalala bila kula siku hiyo.

Uwanja wetu wa michezo ulikuwa korido ya ghorofa ya nne. Tulicheza mpira wa soksi tukisukumana kati ya lifti na mlango wa Mhindi aliyekuwa akituita mashetani kwa lugha yake, nasi tukimwitikia "shukran uncle". Mimi mchezo ule niliuita rede, rafiki yangu Njeri akiuita kati, na kila siku tuligombana nusu saa juu ya jina kabla hatujarusha mpira wa kwanza. Kiyoyozi cha dirishani kilinguruma na kudondosha maji kwenye kopo la maziwa ya unga, na maji hayo ndiyo yaliyomwagilia mnanaa wa mama. Tukipata dirham moja tulishuka bakala, kiduka cha chini ya jengo, tukanunua chapati iliyokunjwa na jibini na krispi za pilipili ndani yake, tukaigawa kwa rula ya shule asije mtu akadhulumiwa. Wapwa zangu siku hizi wanaagiza chakula kwa simu na kulalamika kwamba mleta chakula amechelewa dakika tatu. Intaneti ikikatika wanakaa kimya kama wafiwa.

Tulikuwa familia mbili katika nyumba ya vyumba viwili, jiko moja, choo kimoja. Sisi tulitoka Unguja. Baba alikuwa dereva wa trela bandarini Jebel Ali, na mama akifanya kazi za nyumbani kwa madam mmoja wa Kijapani kwenye minara ya Jumeirah Lake, ambayo mingine wakati huo ilikuwa bado inajengwa. Chumba cha pili walikaa akina Njeri kutoka Nakuru. Baba yake alikuwa mlinzi aliyelala kambini, tukimwona Ijumaa kwa Ijumaa. Mama yake, Mama Njeri, alifanya kazi katika stoo moja kule Airport Freezone. Alikuwa mwanamke mrefu, msema kweli, Mkristo wa kusali kwa sauti, na jicho lake likitua kwako ulianza kuungama hata kosa ambalo hukulifanya.

Mama yangu na Mama Njeri walianza vibaya. Siku ya kwanza kabisa mama aligonga mlango wao akasema, "Shoga, una chumvi?" Mama Njeri akafunga mlango. Siku tatu hawakusemezana. Kwetu Unguja, kama mjuavyo, shoga ni rafiki wa kike wa mwanamke, ni neno la mapenzi na heshima. Kwao neno hilo lina maana nyingine, nanyi mnaijua, na Mama Njeri aliona ametukanwa na mwanamke wa buibui asiyemjua hata jina. Ilibidi baba awaketishe jikoni awatafsirie Kiswahili kwa Kiswahili. Tangu hapo Mama Njeri alikubali kuitwa shoga ndani ya nyumba, ila alimwomba mama asimwite hivyo ndani ya lifti, Wakenya wenziwe wasije wakasikia. Wakawa marafiki wa kufa na kuzikana.

Basi, kiangazi kimoja nikiwa na miaka kumi na miwili, madam wa Kijapani alipata habari za kurudi kwao. Mkataba wa bwana wake ulikuwa umekwisha, khalas, na akaanza kugawa vitu. Mama akapewa boksi la sahani. Sahani zilikuwa nzuri, lakini sisi watoto tuliganda kwenye vilivyopangwa katikati yake zisivunjike: vitabu nane vidogo vinene, vya karatasi ya kukwaruza yenye harufu ya unga na kabati. Mama alitaka kujua kama vina maandishi. Tukasema vinayo. Akasema kitu chenye maandishi hakitupwi, tukae navyo.

Vilikuwa katuni za Kijapani. Maandishi yake yalisimama wima kama mvua, na hatukujua hata herufi moja. Lakini picha, jamani, picha! Kurasa nzima nzima za wanawake wawili watu wazima. Mmoja alikuwa na duka la mikate na nywele ndefu za kufunga kitambaa, mwingine nywele fupi na gari dogo la kusambaza mizigo. Hatukuwa na majina yao, tukawapa sisi: Bi Mkate na Bi Gari. Maneno pia tuliwapa sisi. Bi Mkate nilimsemea mimi, akawa Muunguja mtupu, "Karibu mwanangu, keti kwanza upoe." Bi Gari alisemewa na Njeri, akawa mtu wa Nakuru, "Niaje mrembo, mkate ni ngapi leo?"

Siku ya kwanza tuligombana vibaya kuliko siku zote za rede na kati. Mimi nilikuwa mtoto wa chuo cha Kurani, nimeshika juzuu tangu nina miaka minne, na mkono wangu ulikifungua kitabu kuliani bila kuuliza. Njeri alikuwa wa shule ya Jumapili, akakifungua kushotoni. Kila mmoja alisoma zamu yake, na tukapata hadithi mbili. Katika yangu, wanawake wawili wasiojuana wanakutana kwenye mvua, wanaokota paka mchanga ndani ya boksi, na mwisho wanakula meza moja, paka chini ya kiti. Katika ya Njeri, wanakula meza moja, wanazidi kuachana ukurasa kwa ukurasa, na mwisho wanamtupa paka kwenye mvua na kila mtu anashika njia yake. Njeri alilia kwa hasira. Alisema hawa ni wanawake wabaya, wana roho ya kutupa paka.

Nilimwonyesha kwamba katika hadithi yake paka anaanza mkubwa na kumalizia mdogo. Alifikiri sana, kisha akasema pengine paka wa Japani ndivyo walivyo. Ilimchukua hadi jioni kukubali kwamba mimi ndiye niliyefungua mahali panapofunguliwa.

Ah, tulivyovisoma vile! Bi Gari akimtazama Bi Mkate, ukurasa mzima ulijaa maua, nasi tukaamini kwamba Japani kila duka la mikate lina bustani ndani. Bi Mkate akishikwa mkono, mashavu yake yalipata vistari vidogo vidogo, na Njeri akatoa hukumu kwamba ni chale za kabila lao. Kitabu cha pili kulikuwa na barua iliyofichwa ndani ya mfuko wa mkate. Cha nne, Bi Gari aliugua homa na Bi Mkate akamlisha uji kwa kijiko, na ukurasa huo tuliusoma mara kumi na moja. Hatukuwa na mtu wa kutuambia haya ni mapenzi. Tulijua wenyewe kufikia kitabu cha tatu, tukalichukulia kama jambo la kawaida la nchi yao, sawa na kula kwa vijiti.

Tulisoma polepole makusudi, kitabu kimoja kwa wiki, maana vikiisha vimeisha. Waambie watoto wa leo kungoja wiki nzima ili kugeuza ukurasa, watakuita mgonjwa.

Cha saba kilituvunja mioyo. Ilikuwa Ijumaa alasiri, mama anakuna nazi jikoni, Mama Njeri anasukuma chapati. Sisi chumbani tumefika mahali ambapo Bi Gari amevaa koti, ana begi, anapanda treni, na Bi Mkate amebaki kituoni ameshika mfuko wa mikate ambao hakuwahi kuutoa. Kitabu kikaishia hapo. Njeri akaangua kilio cha msiba.

Mama Njeri akaja na msukumio mkononi, akauliza ni nani amekufa. Njeri, katikati ya kwikwi, akasema hakuna aliyekufa, Bi Gari amepanda treni. Mama Njeri akauliza Bi Gari ni nani. Njeri akaficha uso kwenye mto, nami nikataka kumwokoa mwenzangu.

"Ni hadithi ya mashoga wawili, Mama Njeri," nikasema. "Mmoja amemwacha mwenzake kituoni."

Nilisema kama mama yangu anavyosema. Au ndivyo nilivyojiambia, maana hata wakati ule nilisikia kwamba neno lile lilikuwa limesimama kwa miguu yote miwili, wa Unguja na wa Nakuru. Kutoka jikoni mama akapaza sauti kwa furaha kwamba anawajua hao, juzi wamemchekesha na paka wao, na mashoga wakipendana kuna ubaya gani. Mama Njeri aliinama akaokota kitabu, akakifungua katikati. Bahati yetu mbaya, palikuwa pale wanapokumbatiana. Alitazama picha, akamtazama Njeri, kisha akanitazama mimi, na mimi alinitazama muda mrefu zaidi.

"Hii boksi yote naenda nayo," akasema. "Wacha nisome mwenyewe nijue ni nini mnajaza kwa kichwa."

Jioni hiyo nilimsikia jikoni akimwambia mama kwamba Nakuru kuna shule nzuri ya bweni ya masista, na kwamba huenda Septemba Njeri akaenda. Mama alimwambia, shoga, ni vitabu vya picha tu. Mama Njeri akasema ndiyo maana anataka kuvisoma kwanza.

Hapa niseme wazi, maana sote tumeshakuwa watu wazima. Mimi sikuwa nalilia katuni. Wasichana wenzangu wa darasani walikuwa wameanza kunong'ona habari za wavulana wa timu ya mpira, nami nilikuwa naitikia kwa kichwa nisionekane mjinga. Lakini kulikuwa na msichana mmoja darasani mwenye sauti nzuri, na kila mwalimu alipomwita asimame asome, mashavu yangu yaliwaka moto. Sikuwa na jina la jambo hilo. Nilikuwa nimewahi kulisikia kama tusi tu, na kama kicheko. Kisha madam wa Kijapani akatupatia sahani, na ndani yake nikamwona Bi Mkate mwenye vistari mashavuni, nikajua mara moja kwamba zile si chale. Na sasa Bi Gari ameondoka, kitabu cha nane sijakigusa, na kiko chumbani kwa Mama Njeri. Nilitaka kujua jambo moja tu, kama watu wa namna hii hurudiana au la. Nilihisi nisipolijua pale nisingelijua popote.

Siku nne tulingoja. Kila jioni Mama Njeri alirudi kazini, akaosha miguu, akaketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa chumba chake, mlango wazi kabisa, akasoma. Tulimchungulia kutoka koridoni. Siku ya kwanza Njeri alinifinya mkono karibu nipige kelele. Mama yake alikuwa ameanza na kitabu cha nane, na alikuwa amekifungua kushotoni.

"Anaanzia mwisho," Njeri akaninong'oneza. "Mungu wangu, ataona wanamtupa paka."

Siku ya pili alikuwa ameshuka kwenye cha sita, ya tatu kwenye cha nne. Hakukunja uso, hakucheka. Mara moja alifuta jicho, lakini siku hiyo mama alikuwa anakaanga vitunguu, kwa hiyo sikuweza kuapa.

Jumanne alimaliza. Alilibeba boksi hadi jikoni, akaliweka mezani mbele ya mama yangu, akatuita tusimame. Mama alifuta mikono kwenye khanga akangoja hukumu, maana katika mambo ya vitabu alimwamini Mama Njeri kuliko mtu yeyote.

"Mama Rayhana, nimesoma zote nane," Mama Njeri akasema. "Wanaanza wakiishi nyumba moja, na mlango uko na majina yao wawili. Halafu wanaachana kidogo kidogo. Mwisho wanapita kwa mvua kama watu hawajuani. Hiyo ndiyo nimesoma."

Mama akasema alhamdulillah, basi ni kitabu cha mafunzo. Mama Njeri akasema kila mtu anaweza kupata funzo lake humo. Kisha akatusukumia boksi, akarudi kwenye unga wake.

Mimi na Njeri tulitazamana. Nilihesabu kichwani, nikageuza, nikageuza tena kuhakikisha. Anaanza mwisho. Mwanzo wake ni mwisho wetu. Nyumba moja, mlango mmoja, majina mawili! Alikuwa ametuambia kila kitu mbele ya mama yangu, na mama yangu anashukuru Mungu! Tulitembea polepole, kwa adabu, kama watoto waliopewa onyo, hadi tulipofunga mlango wa chumba. Hapo tulirukaruka kitandani hadi chaga moja ikavunjika, tumeziba midomo kwa mito, Njeri anacheka na kulia kwa pamoja. Kisha tukakaa, tukakifungua cha nane, kuliani, na kweli Bi Gari alirudi. Alirudi kwa treni ileile, ndevu za paka zimezeeka, na maua yakajaa kurasa tatu mfululizo. Sijawahi kufurahi namna ile tena, na nimefurahi mara nyingi maishani.

Habari ya shule ya masista haikutajwa tena. Miaka ilipita. Njeri alikwenda kwao kusoma chuo, akaolewa, sasa ana mapacha wanaomnyima usingizi na ananitumia ujumbe wa sauti wa kuwalalamikia. Wazazi wangu walirudi Unguja. Mimi nilibaki, ninafanya kazi ofisini huko huko Jumeirah Lake, na Mama Njeri alibaki pia, akipanda cheo stooni hadi akawa anaamrisha wanaume. Mwezi uliopita alistaafu. Alinipigia nikamsaidie kufunga mizigo ya kurudi Nakuru moja kwa moja.

Tulikuwa tumekaa juu ya maboksi tunakunywa chai, nikaona ni wakati wa kuungama. Nikamwambia kwamba zile katuni zamani alizisoma kinyumenyume, na sisi tulijua tukanyamaza. Alicheka hadi akashika mbavu.

"Rayhana," akasema, "mwaka huo wote kazi yangu kwa stoo ilikuwa kupanga vitabu za shule za Kiarabu. Kila siku, uso juu, mgongo huku. Unafikiri sikujua kitabu cha aina hiyo kinafunguliwa wapi?"

Nikamuuliza basi kwa nini. Alikunja shuka moja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Njeri alikuwa analia, nikajua ni hadithi imemliza. Wewe hukulia. Uliangalia tu hiyo boksi vile naibeba, kama ni mtu anabebwa. Nikasema huyu mtoto nikimnyang'anya hii, atakuwa na hilo jambo peke yake." Akaiweka shuka ndani ya boksi. "Mama yako nisingeweza kumdanganya, ni rafiki yangu. So nikasoma kinyume mkiniona, halafu nikamwambia kile nimesoma."

Nililia pale, juu ya boksi la sufuria zake, mtu mzima mwenye kadi ya kazi shingoni.

Siku hizi wapwa zangu wana katuni kama zile kwenye simu, mamia kwa mamia, zimetafsiriwa, na mshale unaowaonyesha pa kuanzia. Hawahitaji kubuni maneno wala kubishana juu ya paka. Wanamaliza hadithi nane kabla ya chakula cha mchana na kuzisahau kabla ya cha jioni. Siwaonei choyo, wanajua mambo ambayo mimi niliyahangaikia. Lakini kila mmoja anasoma kwenye kona yake, masikio yamezibwa, na nyumba nzima hakuna anayejua nani amelia kwa ajili ya nini. Jiko letu lile lilikuwa dogo mno kwa siri, nami wakati ule nililichukia kwa hilo. Natamani wangelipata siku moja tu.

Nilimsindikiza Mama Njeri uwanja wa ndege. Sikuwa nimewahi kumwambia habari za mwenzangu, ninayeishi naye mwaka wa tano sasa, na hakuwahi kuniuliza. Kwenye foleni ya mizigo akanigeukia, sauti ya chini kabisa.

"Huyo wako anajua kupika chapati?"

Nikamwambia hajui kabisa.

"Mlete Disemba nimfunze," akasema, akasukuma kigari chake mbele.

Tiketi tumeshakata, mbili.